Robert Koch: Tabibu wa Kipindupindu na Vipofu wa Sese

Kila ifikapo tarehe 24 Machi dunia huadhimisha Siku ya Kifua Kikuu. Tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Siku kama hiyo, mwaka 1882, daktari mmoja Mjerumani alisimama mbele ya wanasayansi wenzake mjini Berlin akawaonyesha bakteria anayeleta ugonjwa huo. Daktari huyo ni Robert Koch. Mgonjwa wetu wa leo anayepeleka makohozi maabara ili yatazamwe kwa hadubini angali ananufaika na kazi ya mikono yake.

Jina hilohilo, hata hivyo, lina kumbukumbu nyingine iliyo karibu nasi zaidi. Katika visiwa vya Sese, ndani ya Ziwa Viktoria, watu zaidi ya 20 walipofuka kwa dawa waliyodungwa chini ya usimamizi wake. Tumeona vema kuzisimulia pande zote mbili za maisha hayo pamoja, bila kumtukuza mtu wala kumhukumu marehemu. Hapa Unguja watafiti wa afya hubisha hodi katika shehia zetu mara kwa mara, na swali ambalo maisha ya Koch yalituachia bado liko mlangoni petu: mgonjwa na mtafiti wanapokutana, ni nani anayemtumikia mwenzake?

Tuanzie nyumbani. Mwishoni mwa mwaka 1869, Sultani Majid akiwa bado anatawala, kipindupindu kiliingia Unguja kikitokea bara kupitia pwani ya Mrima. Kabla ya kutulia mwaka 1870 kilikwisha kuua maelfu ya watu, mjini na mashamba. Daktari James Christie, aliyekuwa akiishi hapa mjini, alifuatilia kwa bidii njia za ugonjwa huo, na mwaka 1876 kilitoka kitabu chake juu ya milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki. Aliweza kueleza jinsi ugonjwa ulivyosafiri pamoja na misafara ya bara na majahazi ya pwani. Ni kitu gani hasa kilichokuwa kikisafiri, hilo hakuweza kulieleza, wala hakuna mwingine aliyeliweza. Mama aliyeteka maji kisimani alfajiri hakujua kwamba ndani ya mtungi wake huenda mna mauti ya wanawe. Mapadre na masista waliofika Unguja Desemba 1860 kutoka kisiwa cha Réunion walikuwa wamefungua hospitali, lakini nao, kama matabibu wote wa zama zile, walimwuguza mgonjwa bila kumjua adui.

Wakati huo Koch alikuwa kijana wa miaka 26, asiyejulikana na mtu. Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa migodi wa Clausthal, Ujerumani, katika familia yenye watoto wengi. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866, na mwaka uliofuata akamwoa Emmy Fraatz, aliyemzalia binti mmoja. Kuanzia mwaka 1872 alikuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo umo katika nchi ya Poland. Hakuwa na maabara ya chuo wala mfadhili. Alikuwa na hadubini, chumba alichokigawa nyumbani mwake, na subira isiyo ya kawaida.

Katika wilaya ile ng'ombe na kondoo walikuwa wakifa kwa kimeta. Koch alichukua damu ya wanyama waliokufa, akaikagua, akakuza vijidudu alivyoviona, akawadunga panya, na panya wakafa kwa ugonjwa uleule. Mwaka 1876 alitangaza matokeo yake. Kwa mara ya kwanza ilithibitishwa kwa ushahidi kamili kwamba kijidudu fulani, na si kingine, huleta ugonjwa fulani. Mwaka 1880 aliitwa Berlin kufanya kazi katika Ofisi ya Afya ya Dola, na miaka miwili baadaye akatangaza habari ya kifua kikuu. Wengi walidhani maradhi yale ni ya kurithi, mkosi uliomo katika damu ya ukoo. Kuonyeshwa kwamba huletwa na kiumbe kinachoonekana kwa hadubini kuliwaondolea watu wengi aibu isiyokuwa yao.

Mwaka 1883 kipindupindu kilizuka Misri, na Koch akatumwa Aleksandria. Wafaransa nao walipeleka ujumbe wao, na mmoja wa vijana wao, Louis Thuillier, aliambukizwa akafa. Mataifa hayo mawili yalikuwa na uhasama mkubwa tangu vita ya mwaka 1870, lakini Koch na wenzake walihudhuria mazishi yake kwa heshima. Kisha alikwenda Calcutta, India, na huko, mapema mwaka 1884, akathibitisha kijidudu chenye umbo la mkato kuwa ndicho chanzo cha kipindupindu. Mwitalia Filippo Pacini alikuwa amekwisha kukiona tangu mwaka 1854, lakini hakusikilizwa. Koch alionyesha pia kwamba kijidudu hicho huishi katika maji machafu. Hamburg, mji wa wafanyabiashara waliokuwa na majumba yao ya biashara hapa Mji Mkongwe, uliijua thamani ya somo hilo mwaka 1892, pale kipindupindu kilipoua watu zaidi ya 8,000. Altona, mji uliopakana nao, ulichuja maji yake kwa mchanga, nao ulinusurika kwa kiasi kikubwa.

Kwa hiyo tunamdai Koch shukrani, nasi hatuoni haya kuilipa. Kila chombo cha maji kinachotiwa dawa Unguja wakati wa mlipuko, na kila mtoto anayeokolewa kwa kunyweshwa maji ya chumvi na sukari kwa sababu ugonjwa wake umetambuliwa mapema, wamo katika mnyororo wa elimu ambao yeye aliutia pete yake. Kanisa halikufundisha kamwe kwamba kutafuta elimu ya tiba ni kumwingilia Mungu kazi yake. Akili ni kipaji, na kipaji hutolewa kwa ajili ya jirani.

Lakini kipaji kina kishawishi chake. Agosti 1890, katika mkutano mkuu wa madaktari uliofanyika Berlin, Koch alidokeza kwamba amepata kitu cha kuzuia kifua kikuu. Miezi michache baadaye dawa hiyo, iliyokuja kuitwa tuberkulini, ilianza kutolewa, huku mwenyewe akificha imetengenezwa kwa nini. Alikuwa ameijaribu mwilini mwake, akaugua vibaya, na pia mwilini mwa msichana Hedwig Freiberg, ambaye alikuja kuwa mke wake wa pili. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka pande zote. Wengi hawakupona, na baadhi yao walikufa. Rudolf Virchow, mtaalamu wa kupasua maiti, alionyesha kwamba kwa baadhi ya waliodungwa ugonjwa ulikuwa umesambaa badala ya kutulia. Mwanzoni mwa mwaka 1891 Koch alilazimika kueleza kwamba dawa yake ni mchujo uliotokana na bakteria wa kifua kikuu wenyewe. Tuberkulini ilikuja kufaa kwa kupima maambukizi, lakini haikuponya. Daktari aliyewafundisha wenzake kutoamini bila ushahidi alikuwa ametangulia mbele ya ushahidi wake mwenyewe.

Ujerumani ilipata fundisho jingine katika miaka hiyohiyo. Albert Neisser, profesa wa mji wa Breslau, aliwadunga wanawake maji ya damu ya wagonjwa wa kaswende bila kuwaeleza anafanya nini, na baadhi yao waliugua. Alitozwa faini, na tarehe 29 Desemba 1900 serikali ya Prussia ikatoa agizo kwa wakuu wa hospitali: jaribio lisilolenga kumtibu mtu lisifanyike kwa mtoto, wala kwa mtu mzima asiyetoa ridhaa baada ya kuelezwa madhara yanayoweza kumpata. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba wazo la ridhaa lilikuwa halijazaliwa. Lilikuwapo katika karatasi za serikali, nchini kwa Koch, miaka sita kabla hajafika Sese. Lakini agizo lile halikugusa majaribio yaliyofanywa kwa jina la tiba, na hapo ndipo palipobaki mwanya.

Koch aliijua Afrika Mashariki. Mwaka 1897 alifika Dar es Salaam kuchunguza malaria na maradhi ya mifugo, na mwaka 1905 alirudi tena katika koloni la Wajerumani. Mwisho wa mwaka huo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu. Wakati huo malale yalikuwa yakiteketeza mwambao wa Ziwa Viktoria. Inakadiriwa kuwa watu zaidi ya 200,000 walikufa Uganda katika miaka michache ya mwanzo wa karne ile. Visiwa vya Sese vilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Wamisionari wa Afrika, ambao msafara wao wa kwanza ulipita Unguja na Bagamoyo mwaka 1878 ukielekea maziwa makuu, walikuwa na misioni katika visiwa hivyo, nao waliwazika waumini wao mmoja baada ya mwingine. Aliyeshikwa na malale asipotibiwa hakuwa na tumaini: homa, kudhoofika, usingizi usio na mwisho, kisha kaburi.

Kuanzia katikati ya mwaka 1906 hadi mwaka 1907, kwa idhini ya Waingereza waliotawala Uganda, Koch aliweka kituo chake Sese. Habari zilienea kwamba amekuja tabibu mkubwa mwenye dawa. Wagonjwa walikuja kwa mamia, wengine kwa mitumbwi, wengine wakibebwa na ndugu zao. Dawa yenyewe iliitwa Atoxyl, nayo ilikuwa na aseniki, ambayo ni sumu. Watafiti wa Liverpool walikuwa wameonyesha mwaka 1905 kwamba inaua vimelea vya malale katika wanyama. Kwa binadamu ilionekana kuwapa wengi nafuu ya haraka, hata waliokuwa hawawezi kusimama wakasimama. Tunaweza kuiwazia furaha ya jamaa zao.

Nafuu ile haikudumu. Vimelea vilitoweka katika damu, kisha vikarudi. Koch alizidisha dozi mara mbili. Wagonjwa walipata kichefuchefu, kizunguzungu na msokoto wa tumbo, na wengine wakaacha kuja au wakatoroka. Kisha wengine wakaanza kulalamika kwamba hawaoni vizuri. Giza halikuondoka. Mishipa ya macho yao ilikuwa imekufa, na watu zaidi ya 20 walipofuka moja kwa moja. Koch aliirudisha dozi kuwa ile ya awali, akaendelea na matibabu. Alipoondoka Afrika alishauri pia kwamba wagonjwa wakusanywe katika kambi za kuwatenga na watu wengine, na kambi za namna hiyo zilianzishwa katika koloni la Wajerumani. Alifariki dunia Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, na majivu yake yamehifadhiwa Berlin katika taasisi yenye jina lake. Wale waliopofuka tunawajua kwa hesabu tu.

Tunapaswa kusema kweli kwa pande zote. Ugonjwa ulikuwa wa kuua, na dawa nyingine haikuwapo. Wagonjwa wengi walikwenda wenyewe wakitafuta uzima. Koch hakuwa mtu aliyefurahia mateso yao, naye aliipunguza dozi alipoyaona madhara. Kama angekaa Berlin bila kujali, tusingemlaumu kwa upofu wa mtu, lakini je, huo ungekuwa upendo? Kutotafiti nako kunaweza kuwa dhambi ya kutotimiza wajibu, pale watu wanapokufa mbele ya macho yetu.

Kosa, basi, hatulioni katika kwenda Sese. Tunaliona katika kupandisha dozi ya sumu kwa watu ambao hawakupewa nafasi ya kupima wenyewe kati ya hatari na tumaini. Mtu kuja kwa miguu yake mwenyewe si sawa na kutoa ridhaa. Ridhaa hudai ujuzi: nitapewa nini, kimejaribiwa kwa nani, kinaweza kunidhuru vipi, na nikikataa itakuwaje. Mvuvi wa Sese aliyebebwa na wanawe hadi kituoni hakuwa mbele ya daktari tu. Alikuwa pia mbele ya dola iliyomtawala. Na jambo zito zaidi ni hili: dozi ya juu ilitafuta jibu la swali la mtafiti, lakini gharama ya jibu hilo ililipwa na macho ya mgonjwa peke yake.

Mafundisho ya Kanisa yamekuja kulieleza jambo hili kwa uwazi. Baada ya maovu yaliyofanywa na madaktari wa Kinazi, yaliyozaa Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, Papa Pius XII alizungumza na madaktari mwezi Septemba 1952 juu ya mipaka ya kimaadili ya utafiti wa tiba. Alifundisha kwamba daktari hana mamlaka juu ya mwili wa mgonjwa zaidi ya yale anayopewa na mgonjwa, na kwamba wala faida ya sayansi wala faida ya jumuiya si sheria iliyo juu ya nafsi ya mtu. Mgonjwa naye hawezi kutoa ruhusa ya mambo yote, kwa sababu yeye ni msimamizi wa mwili wake, si mmiliki asiye na mipaka. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika kifungu cha 2295, inaendeleza mafundisho hayohayo: utafiti juu ya binadamu hauwezi kuhalalisha tendo linalopinga utu wake, hauruhusiwi kumtia katika hatari isiyo na uwiano au inayoepukika, na unavunja heshima yake unapofanyika bila ridhaa yake yenye ufahamu, au ya wale wenye haki ya kusema kwa niaba yake.

Sasa turudi Unguja, na turudi kwenye kipindupindu. Mwanzoni mwa mwaka 2009, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar pamoja na washirika wake wa kimataifa walitoa chanjo ya kunywa ya kipindupindu katika shehia kadhaa za Unguja na Pemba zilizokuwa zikiugua mara kwa mara. Ilitolewa kwa dozi mbili, na matokeo yake yakafuatiliwa kwa utafiti. Ilionekana kwamba chanjo iliwakinga waliokunywa, na pia kwamba mahali walipochanjwa watu wengi, hata majirani wasiochanjwa walipata hifadhi. Hapo tunaona maana ya mafao ya wengi: afya yangu inaweza kuwa zawadi kwa jirani yangu.

Lakini wajawazito hawakuruhusiwa kupewa. Sababu yake ilieleweka: mimba ina uhai wa watu wawili, na usalama wa chanjo ile kwa mtoto aliye tumboni ulikuwa haujathibitishwa vya kutosha. Kanisa, linalomtambua mtoto huyo kuwa mtu tangu kutungwa kwake, haliwezi kuudharau uangalifu wa namna hiyo. Hata hivyo kipindupindu nacho hakimwachi mjamzito. Humnyang'anya maji mwilini na mara nyingi humwua mtoto tumboni. Kumwacha nje, kwa nia ya kumlinda, kulimwacha pia mbele ya ugonjwa bila kinga.

Baadhi ya wanawake walikunywa chanjo bila kujua kwamba wana mimba. Watafiti hawakulifunika jambo hilo. Waliwafuatilia, wakalinganisha mimba zao na za wanawake wasiochanjwa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2012 haukuona dalili ya wazi ya madhara kwa mimba. Kwa njia hiyo elimu iliongezeka bila mjamzito yeyote kuingizwa katika hatari kwa makusudi. Njia hii ni ya polepole kuliko ile ya Sese, lakini ni ya haki zaidi. Inatukumbusha pia kwamba haki ina pande mbili: kutomtumia mtu kama chombo, na kutomsahau kwa sababu hali yake ni ngumu kuitafiti.

Leo Zanzibar ina taasisi yake ya utafiti wa afya na kamati inayopima maadili ya tafiti kabla hazijaanza. Hiyo ni baraka, lakini kamati haitoi ridhaa kwa niaba ya mama aliye barazani kwake. Watafiti wanapobisha hodi, tuwakaribishe kwa adabu yetu ya kawaida, kisha tuulize bila woga. Utafiti huu unatafuta nini? Umeidhinishwa na nani? Hatari yake ni ipi? Nikikataa, je, mimi na mwanangu tutaendelea kupata matibabu yaleyale? Nikikubali leo, naweza kujitoa kesho? Na matokeo yakipatikana, mtarudi kutuambia? Mtafiti mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo. Wahudumu wa afya walio waamini wetu, pamoja na wenzao Waislamu wanaofanya nao kazi kila siku, tunawasihi wayajibu kwa Kiswahili kinachoeleweka, bila kuharakisha sahihi.

Katika Injili ya Marko, kipofu Bartimayo alimpazia Yesu sauti kando ya njia ya Yeriko. Kila aliyekuwapo alijua anachokihitaji mtu yule, na Bwana alijua kuliko wote. Hata hivyo, kabla ya kumponya, alimwuliza anataka afanyiwe nini. Aliyekuwa na uwezo wote aliomba kwanza neno la mgonjwa. Tuwaombee wote wanaotafuta tiba za maradhi yetu wasikose ujasiri wa Koch mbele ya hadubini, na wasisahau kuuliza swali hilo la njia ya Yeriko. Tuwakumbuke pia katika sala zetu wale wa Sese waliolipa kwa macho yao, na ambao majina yao Mungu anayajua.